Kubashiri urais wa Marekani kwa wagombea wa kudhaniwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Gavin Newsom wa Democratic na JD Vance wa Republican wakikutana 2028, nani anashinda?" Swali la namna hii linaulizwa kila siku, na majina hubadilika kila mwezi. Ukurasa huu hautamtaja mshindi. Unaeleza namna ya kupiga hesabu mwenyewe, na mahali ambapo hesabu hiyo huharibika.

Nikishapata majina mawili, nianzie wapi?

Anza na katiba, kura za maoni zitafuata. Rais wa Marekani lazima awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 35 au zaidi, na awe ameishi nchini humo miaka 14. Marekebisho ya 22 ya katiba, yaliyoidhinishwa 1951, yanakataza mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo "Obama dhidi ya Trump 2028" ni mada nzuri ya kijiweni, lakini wote wawili wamekwisha kuchaguliwa mara mbili. Arnold Schwarzenegger naye alizaliwa Austria, basi habari yake imeishia hapo.

Kipo pia kifungu ambacho wengi hukiruka. Wajumbe wa jimbo, yaani watu wanaopiga kura rasmi za kumchagua rais, hawaruhusiwi kumpigia rais na makamu wake ikiwa wote wawili ni wakazi wa jimbo hilohilo. Ukipanga tiketi ya Wakalifornia wawili, umeziweka kura 54 za wajumbe wa California hatarini, angalau kwa mmoja wao. Ndiyo sababu mwaka 2000 Dick Cheney alihamisha uandikishaji wake wa kura kutoka Texas kwenda Wyoming kabla ya kuwa mgombea mwenza wa George W. Bush, ambaye alikuwa gavana wa Texas.

Kura za maoni zinaonyesha mgombea fulani anaongoza kwa pointi 3 nchi nzima. Si ndiye mshindi?

Hapana. Kenya hujumlisha kura za urais za nchi nzima na kudai zaidi ya nusu, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24. Tanzania anayepata kura nyingi ndiye rais. Marekani jumla ya nchi haina nguvu yoyote kisheria. Kuna wajumbe 538, na anayefikisha 270 ndiye anayeingia Ikulu. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi ukiongeza maseneta wawili; mji mkuu Washington una 3. Majimbo 48 na mji mkuu humpa mshindi wajumbe wote, hata akishinda kwa kura moja. Maine na Nebraska hugawa: wawili kwa mshindi wa jimbo, na mmoja kwa mshindi wa kila wilaya ya uchaguzi.

Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima, sawa na pointi 2.1, na akashindwa. Kilichomwangusha ni kura 78,000 hivi zilizotawanyika Michigan, Wisconsin na Pennsylvania. Mwaka 2020 Joe Biden alishinda nchi nzima kwa pointi 4.5, lakini kama kura zisizofika 43,000 katika Arizona, Georgia na Wisconsin zingekwenda kwingine, wangekuwa 269 kwa 269.

Usifanye hilo kuwa kanuni ya milele. Mwaka 2016 na 2020 mfumo uliwapendelea Warepublican kwa pointi 3 hadi 4 hivi. Mwaka 2024 upendeleo huo ulikaribia kutoweka: Trump aliongoza nchi nzima kwa pointi 1.5, na Pennsylvania, jimbo lililomvusha 270, kwa 1.7. Anayesema leo "Mdemokrati lazima aongoze kwa 4 ndipo ashinde" anatumia ramani ya zamani.

Ni majimbo gani ya kutazama?

Saba. Haya hapa pamoja na idadi ya wajumbe na tofauti ya ushindi wa Trump dhidi ya Kamala Harris mwaka 2024:

Wisconsin, wajumbe 10, pointi 0.9
Michigan, wajumbe 15, pointi 1.4
Pennsylvania, wajumbe 19, pointi 1.7
Georgia, wajumbe 16, pointi 2.2
Nevada, wajumbe 6, pointi 3.1
North Carolina, wajumbe 16, pointi 3.2
Arizona, wajumbe 11, pointi 5.5

Trump aliyachukua yote saba, akamaliza na 312 kwa 226. Idadi hizi za wajumbe zitatumika tena 2028, kisha sensa ya 2030 itazibadilisha kuanzia uchaguzi wa 2032. Ukikutana na ramani inayoipa California 55 au Texas 38, ujue ni ya kabla ya 2024. Siku hizi California ina 54 na Texas 40.

Nipeni hesabu rahisi ninayoweza kufanya kwa karatasi na kalamu.

Hesabu hii inaitwa mhamo sawa. Chukua matokeo ya mwisho, tafuta nchi nzima imehama pointi ngapi, kisha lihamishe kila jimbo kwa kiasi hichohicho.

Tuseme kura za maoni za 2028 zinampa Mdemokrati uongozi wa pointi 1 nchi nzima. Mwaka 2024 Mrepublican aliongoza kwa 1.5. Mhamo ni 1 ukijumlisha 1.5, yaani 2.5 kuelekea Democratic. Sasa shuka kwenye orodha. Wisconsin ilikuwa 0.9 kwa Republican, inageuka 1.6 kwa Democratic. Michigan inakuwa 1.1, Pennsylvania 0.8, Georgia 0.3, zote kwa Democratic. Nevada inabaki Republican kwa 0.6, North Carolina kwa 0.7, Arizona kwa 3.0. Jumlisha: 226 za Harris, ongeza 10, 15, 19 na 16. Unapata 286 kwa 252.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kusahau alama: wanatoa 1.5 badala ya kuijumlisha, na ramani nzima inapinda. Kosa la pili ni kuziamini Georgia ya 0.3 na Nevada ya 0.6 kana kwamba zimeamuliwa. Chini ya pointi 2, andika "haijulikani" na uendelee. Kosa la tatu limo ndani ya njia yenyewe: majimbo hayahami sawasawa. Kati ya 2020 na 2024 Wisconsin ilihama pointi 1.5 tu kuelekea Republican ilhali nchi nzima ilihama 6. Mhamo sawa ni mahali pa kuanzia hesabu, usiukabidhi mkeka wako.

Kwa nini wachambuzi wanaizungumzia sana Omaha?

Rudi kwenye hesabu. Mdemokrati akichukua Wisconsin, Michigan na Pennsylvania pekee, anapata 226 na 44, jumla 270 kamili. Ndani ya hizo 226 kuna kura moja ya wilaya ya pili ya Nebraska, yaani Omaha na viunga vyake. Akiipoteza hiyo, ni 269 kwa 269. Mwaka 2024 kulikuwa na jitihada za kubadili sheria ili Nebraska impe mshindi wajumbe wote, zikashindikana. Kabla ya kuweka 270 kwenye jedwali lako la 2028, hakikisha sheria ya Nebraska bado ni ileile.

Kura za maoni za miaka miwili kabla zina maana?

Kidogo sana. Zinapima zaidi nani anajulikana. Seneta au gavana asiyefahamika nje ya jimbo lake huanza chini kwa sababu nusu ya waliohojiwa hawana maoni juu yake, na hao husema "sijaamua".

Hata miezi michache si salama. Julai 1988, baada ya mkutano mkuu wa Democratic, shirika la kura za maoni la Gallup lilimwonyesha Michael Dukakis wa Democratic akimzidi George H. W. Bush kwa pointi 17. Novemba Bush akashinda kwa karibu pointi 8. Juni 1992 Ross Perot, asiye na chama, aliongoza kwa asilimia 39 mbele ya Bush na Bill Clinton. Alimaliza na asilimia 19 hivi na bila mjumbe hata mmoja. Na tarehe 21 Julai 2024 Biden alijiondoa, kwa hiyo kura zote za maoni za "Biden dhidi ya Trump" zikawa zimelinganisha pambano ambalo halikufika kwenye karatasi ya kura.

Zinafaa kwa jambo moja: kulinganisha wagombea wawili wa chama kimoja dhidi ya mpinzani yuleyule, katika kura ileile ya maoni, siku zilezile. Na hapo pia, kama mmoja anajulikana na mwingine hajulikani, unalinganisha mtu na kivuli.

"Kiwango cha makosa ni asilimia 3" maana yake nini hasa?

Ni kwamba sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu inaweza kupotoka pointi 3 hivi juu au chini, mara 95 katika 100. Kwa watu 600 ni pointi 4, kwa 400 karibu 5. Njia ya mkato: gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa.

Gazeti huacha kueleza mambo mawili. Kwanza, kiwango hicho ni cha asilimia ya mgombea mmoja. Tofauti kati ya wagombea wawili hubeba makosa karibu mara mbili, kwa sababu anachopoteza huyu mara nyingi anakipata yule. Uongozi wa 48 kwa 45 katika watu 1,000 ni pointi 3 zenye makosa ya pointi 6. Pili, hesabu hiyo inahusu bahati ya sampuli peke yake. Haigusi watu wanaokataa kupokea simu, wala makadirio mabaya ya nani atajitokeza kupiga kura. Makosa halisi ya siku ya uchaguzi huzidi yale yaliyochapwa.

Angalia pia nani amehojiwa: watu wazima wote, waliojiandikisha, au wanaotarajiwa kupiga kura. Mwaka 2020 walijitokeza takriban theluthi mbili ya wenye haki, na huo ulikuwa mwitikio mkubwa mno kwa Marekani. Usiweke makundi hayo matatu katika wastani mmoja.

Sampuli kubwa si ndiyo dawa?

Jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10 mwaka 1936, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na kutangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua wajumbe 523 kwa 8. Majina yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na wengine. Sampuli iliyopinda ikiongezwa inazidi kupinda kwa kujiamini.

Basi kwa nini kura za maoni zilikosea 2016, 2020 na 2024?

Sababu si moja. Mwaka 2016 wastani wa nchi nzima ulikaribia ukweli. Zilizokosea ni kura za majimbo, hasa za Wisconsin, Michigan na Pennsylvania. Nyingi hazikuwianisha sampuli kwa kiwango cha elimu, yaani hazikurekebisha uzito wa majibu ili yafanane na wapiga kura halisi. Wenye shahada hukubali kuhojiwa kuliko wengine, na mwaka huo elimu ndiyo iliyowagawa Wazungu kati ya vyama viwili. Isitoshe, walioamua dakika za mwisho walielekea kwa Trump.

Mwaka 2020 elimu iliwianishwa, na makosa yakaongezeka: Biden aliongoza kwa pointi 8 hivi katika wastani, akashinda kwa 4.5. Wisconsin wastani ulisema 8, matokeo yakawa 0.6. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba baadhi ya wafuasi wa Trump hawakutaka kabisa kuzungumza na wahoji, na asiyehojiwa huwezi kumwianisha. Mwaka 2024 makosa yalipungua, lakini yaliegemea upande uleule.

Inashawishi kujumlishia Mrepublican pointi 3 na kumaliza kazi. Usifanye hivyo. Mwaka 2012 kura za maoni zilimpunja Barack Obama, na mwaka 2028 jina la Trump halitakuwa kwenye karatasi ya urais.

Ninageuzaje pointi kuwa uwezekano wa kushinda?

Gawa uongozi kwa mkengeuko wa makosa (kipimo cha ukubwa wa kawaida wa makosa), kisha tumia mgawanyo wa kawaida. Kwa wastani wa jimbo siku chache kabla ya uchaguzi, mkengeuko wa pointi 4 unafaa. Katika Excel andika =NORM.S.DIST(2/4,TRUE) kwa uongozi wa pointi 2; inatoa 0.69. Pointi 1 inatoa 0.60, pointi 4 inatoa 0.84. Mwaka mmoja kabla, tumia mkengeuko wa 10: uongozi uleule wa pointi 2 unashuka hadi 0.58, ambayo ni shilingi iliyopinda kidogo tu.

Asilimia 69 hapa haimaanishi asilimia 69 ya kura. Ni kwamba katika hali 10 kama hizo, 3 hivi zitakwenda kinyume. Mwaka 2016 tovuti ya utabiri ya FiveThirtyEight ilimpa Trump karibu asilimia 29, na watu wakasema ilikosea. Waliokosea vibaya ni wale waliompa Clinton 98 au 99, na kosa lao ndilo swali linalofuata.

Kwa nini nisizidishe tu uwezekano wa kila jimbo?

Kwa sababu majimbo hukosewa kwa pamoja. Wisconsin, Michigan na Pennsylvania zimempigia mgombea mmoja katika kila uchaguzi tangu 1992. Ukimpa mgombea 0.6 katika kila moja na kuzidisha, unapata asilimia 22 ya kuzichukua zote tatu. Ukiruhusu makosa yafuatane, inafika asilimia 40 na ushei. Hali ya upande wa pili ni hiyohiyo: aliye nyuma kidogo katika majimbo yote saba ana nafasi nzuri kuliko kuzidisha kunavyoonyesha.

Kwenye Excel fanya hivi. Kila safu ya mlalo ni uchaguzi mmoja. Zalisha kosa moja la nchi nzima, =NORM.INV(RAND(),0,3), litumike kwa majimbo yote ya safu hiyo. Zalisha kosa la kanda lenye mkengeuko 2: moja kwa majimbo matatu ya Kaskazini, moja kwa Georgia na North Carolina, moja kwa Arizona na Nevada. Kisha kosa la kila jimbo peke yake, nalo 2. Jumlisha matatu hayo na uongozi wa kura za maoni. Ikizidi sifuri, mpe wajumbe. Anza na 226 za Democratic na 219 za Republican, nakili safu 10,000, uhesabu ni ngapi zimefika 270. Tatizo la kawaida: kuweka RAND() mpya ya nchi nzima kwa kila jimbo. Faili haitalalamika, ila umerudi kwenye kuzidisha.

Uchumi na "funguo 13" zina uzito gani?

Mapema kabla ya uchaguzi, zina uzito kuliko kura za maoni. Tazama umaarufu wa rais aliye madarakani, ukuaji wa uchumi katika robo ya pili ya mwaka wa uchaguzi, bei za vitu, na kama anayegombea ndiye rais mwenyewe. Shida ni uchache wa data: tangu Vita Kuu ya Pili hakuna chaguzi nyingi, na ukitafuta kanuni ndani ya chaguzi 20 utaipata hata isipokuwepo. Funguo 13 za mwanahistoria Allan Lichtman, yaani kauli 13 za kweli au si kweli kuhusu hali ya nchi na wagombea, zimepatia mara nyingi, lakini mwaka 2024 zilimtabiria Harris. Baadhi yake, kama mvuto wa mgombea, hutegemea macho ya anayepima.

Mgombea hushinda jimbo la nyumbani?

Anapata nyongeza ndogo, yenye faida pale tu jimbo linapobishaniwa. Newsom California au Vance Ohio haibadilishi ramani. Josh Shapiro, aliyeshinda ugavana wa Pennsylvania mwaka 2022 kwa karibu pointi 15, ni habari nyingine, ingawa ushindi wa ugavana hauhamii mzimamzima kwenye urais. Al Gore alipoteza Tennessee, kwao, mwaka 2000. Wajumbe 11 wa huko wangempa urais bila kujali zile kura 537 zilizompa Bush Florida.

Wagombea wa vyama vidogo niwaweke?

Ndiyo, ila wapunguze. Hupata kura nyingi kwenye maoni kuliko kwenye sanduku. Hakikisha kwanza kama jina limeingia kwenye karatasi ya jimbo husika, maana kila jimbo lina masharti yake.

Ikiwa sare?

Baraza jipya la Wawakilishi huchagua rais, na kila jimbo lina kura moja: Wyoming yenye mwakilishi mmoja ni sawa na California yenye 52. Zinahitajika kura 26. Seneti humchagua makamu. Mara ya mwisho rais kupatikana kwa njia hiyo ilikuwa uchaguzi wa 1824, John Quincy Adams. Kwenye jedwali lako, sare usiigawe nusu kwa nusu. Ipe chama unachotarajia kitaongoza wawakilishi wa majimbo mengi.

Bei za masoko ya kubeti je?

Husoma habari haraka na hujumlisha maoni ya wengi, lakini mbali na uchaguzi hupandisha bei ya majina madogo. Ukijumlisha bei za wagombea wote mara nyingi inazidi 100. Gawa kila bei kwa jumla hiyo kabla ya kuitumia.

Usiku wa matokeo nitazame saa ngapi?

Uchaguzi ni Jumanne, tarehe 7 Novemba 2028. Kwa saa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni alfajiri ya Jumatano. Georgia hufunga vituo saa 9 usiku, North Carolina saa 9 na nusu, Pennsylvania na sehemu kubwa ya Michigan saa 10 alfajiri, Wisconsin na Arizona saa 11, Nevada saa 12 asubuhi. Bukavu, Kigali na Bujumbura toa saa moja. Muscat ongeza saa moja.

Usishtuke na namba za mwanzo. Pennsylvania na Wisconsin haziruhusiwi kuanza kushughulikia kura za posta hadi asubuhi ya siku ya uchaguzi, kwa hiyo kura hizo zinaweza kuchelewa na kubadilisha sura ya jimbo. Mwaka 2020 mshindi alitajwa na vyombo vya habari Jumamosi, siku nne baadaye. Mwaka 2024 ilikuwa asubuhi ileile ya Jumatano. Badala ya kutazama jumla ya jimbo, linganisha kaunti zilizokwisha kuhesabu zote na matokeo yao ya 2024. Kaunti kumi zilizokamilika, zote zikiwa zimehama pointi 2 upande mmoja, zinakuambia mengi kuliko jimbo lililohesabu asilimia 60.

Wajumbe wenyewe hupiga kura tarehe 19 Desemba 2028, na Kongresi huzihesabu tarehe 6 Januari 2029.